Kitenzi cha Kuja, Nyuma ya Uzio wa Matete

Wanawake wa rika langu waliolewa na walevi, na wacheza kamari, na wanaume waliokuwa na wake wengine Arua ambao hatukuambiwa. Mimi niliolewa na mtu mwenye lugha. Sisemi Kilugbara cha kwao Adumi, ambacho alikiongea vizuri, wala Kiingereza cha ofisini, ambacho kilimpa mshahara. Nasema lugha moja iitwayo Ido, ambayo wazungu fulani walikaa mezani wakaitunga, kama fundi anavyounda kiti, ili watu wa dunia nzima waelewane. Dunia nzima ilikataa. Arua walikubali watu wawili, na mmoja wao nikapewa mimi.

Alikuwa karani wa stoo katika kambi ya jeshi pale Arua. Siku moja akaja mzungu mzee kutengeneza mashine za kuchapa, akakuta makarani wawili vijana wenye subira ya kumsikiliza, akawaachia kijitabu chembamba chenye jalada la kijani. Kijitabu kimoja kwa watu wawili. Mume wangu alikinakili chote kwa mkono, kisha akampa mwenzake ile nakala na kujibakizia cha asili. Ningekuwa na akili ningeona mapema mtu anayeng'ang'ania kitu kisicholiwa.

Kilichomlevya zaidi ni vitenzi. Alisema vitenzi vya Ido havina ujanja, ukijua kimoja umevijua vyote, na kile kimoja alichokipenda kilikuwa kitenzi cha kuja. *Venar*, kuja. *Me venas*, ninakuja. *Me venis*, nilikuja. *Me venos*, nitakuja. *Me venus*, ningekuja. *Venez*, njoo. Alikiimba akioga, akakiimba akipiga pasi suruali yake ya kazi, na akinikuta napepeta mahindi ananieleza kwamba hakibadiliki hata nani aje, awe mmoja au wengi.

"Kwa hiyo mimi, wewe na mbuzi tunakuja namna moja?" nilimwuliza.

"Ndiyo, mama watoto! Umeelewa!"

Furaha aliyokuwa nayo! Sikuwa nimeelewa kitu, nilikuwa namdhihaki. Niliapa siku ile ile kwamba sitajifunza hata neno moja la lugha hiyo, na katika viapo vyote vya maisha yangu hicho ndicho nilichokitunza vizuri zaidi.

Mwaka wa 1979 serikali ikaanguka, jeshi likakimbia, nasi tukakimbia nyuma ya jeshi, maana kila aliyewahi kupokea mshahara kambini alijua atatafutwa. Majirani zetu walibeba cherehani, sufuria, kuku waliofungwa miguu. Mimi nilibeba unga na binti yetu mdogo. Mume wangu alibeba godoro, nakubali, lakini ndani ya godoro alikuwa ameviringisha kijitabu cha kijani na tai yake nyeusi. Tulivuka mpaka tukaingia Zaire, tukapewa kiwanja cha kujenga mahali palipokuwa mwendo wa saa tatu kutoka Koboko, mji wa upande wa kwetu wa mpaka, na hapo ndipo mkimbizi mwenzangu mmoja alipoiona tai ile inaanikwa juu ya kamba akacheka mpaka akakaa chini. Sikumlaumu.

Mama yangu alikuja kukaa nasi. Alikuwa mjane wa askari, mtu wa Dranya, amezunguka kambi nyingi na marehemu baba kiasi kwamba Kiswahili cha kambini ndicho kilichokuwa lugha ya nyumba yetu. Shida ilikuwa moja. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Hali chakula mbele yake, hampi kitu mkononi, hamsemeshi, na wakikutana njiani mmoja huingia majanini mpaka mwingine apite. Hiyo si chuki, ni heshima, na kadiri mwanamume anavyomthamini mkwewe ndivyo anavyojificha zaidi. Kijijini kila mtu ana kwake, hivyo haina taabu. Lakini wewe waweke wawili hao kwenye kiwanja kimoja cha ukimbizini, uone kama watu hawatakuwa wakiruka vichakani siku nzima.

Mume wangu akajenga uzio. Alikata matete kule kijitoni, akayafunga kwa magome ya mti, marefu kuliko mtu, kutoka pembe ya jikoni mpaka kwenye choo, na nyuma yake akamjengea mama nyumba yenye upenu. Salamu zao zilipita kwangu au kwa binti yetu. Kila kiangazi mchwa walikuwa wameshakula sehemu ya chini, naye aliyakata mengine mapya bila kuambiwa. Ndiyo kazi ya mikono pekee niliyowahi kumwona akiifanya kwa moyo wote, na hata hiyo sikumsifu.

Mwaka wa pili akaanzisha shule. Watu walikuwa wanakufa kwa kuhara, yeye anaanzisha shule ya Ido. Alichukua mfuniko wa sanduku la mbao, akasaga makaa ya betri kuukuu, akachanganya na maji ya majani ya muhogo, akaupaka mpaka ukawa ubao mweusi. Chaki ilikuwa vipande vya muhogo mkavu. Darasa lilikaa jioni kwenye kivuli cha uzio, na wanafunzi walikuwa sita, wote vijana wenye matumaini kwamba lugha ya dunia nzima haiwezi kukosa kuleta ufadhili wa masomo Ulaya. Aliwaamini, nao wakamwamini, na sijui nani alikuwa mjinga zaidi.

"Me venis por sukro!" alipiga kelele. "Nilikuja kwa ajili ya sukari! Wote!"

"Me venis por sukro!" waliitikia watu ambao hawakuwa wameonja sukari tangu Arua.

Barua za ufadhili hazikuja. Mmoja mmoja wakaacha, wakaenda kuchoma mkaa, kulima mashamba ya wenyeji, kubeba mizigo sokoni. Mwisho alibaki peke yake mbele ya ubao, tai shingoni, akiuliza maswali na kuyajibu. Upande wa pili wa matete mama alikuwa na tumbaku yake. Alikuwa akinunua majani kwa wakulima, anayachambua, anayasokota kuwa kamba nene, kisha anazikunja na kwenda kuziuza Koboko siku ya soko, kwa kuwa mwanamke mzee mwenye kikapu aliweza kuvuka mpaka bila kusumbuliwa sana. Kazi ya kusokota tumbaku haina kelele. Alisikia kila kitu.

"Bwana yako iko fundisha watu kukuja kila siku," aliniambia mara moja, kwa sauti ya chini ili asisikike ng'ambo. "Lakini yeye hapana kwenda hata sokoni."

Nilicheka sana. Nilidhani mama yuko upande wangu.

Ilipofika mwaka wa nne, watu wakaanza kusema kwamba huko nyumbani kumetulia, kwamba wengine wamerudi Dranya na kulima bila kuguswa. Mume wangu alitaka kujua kama nyumba yetu ya Arua ingali imesimama na kama karani wa zamani anaweza kurudi bila kukamatwa. Mtu wa kumwuliza alikuwa yule mwenzake, mwenye nakala, ambaye hakukimbia na sasa alikuwa na kazi katika ofisi nyingine mjini. Jambo la kawaida lingekuwa kumwambia mama maneno ya kusema, naye ayapitishe kwa wachuuzi mpaka Arua, kama wakimbizi wote walivyofanya. Lakini karani haamini neno lisiloandikwa. Na kwa sababu askari wa vizuizini walisoma barua zote, yeye akapata wazo la kipekee: ataiandika kwa Ido, hawataelewa.

Aliiandika kutwa nzima. Iliuliza, sasa najua, mambo mawili tu: *Ka la domo ankore stacas? Kande ni povos venar?* Nyumba ingali imesimama? Lini tutaweza kuja? Juu yake aliandika jina la mwenzake na mahali pake pa kazi, kwa herufi kubwa nzuri.

Nami ningeweza kuichana. Hapa ndipo ninapojidharau kuliko ninavyomdharau yeye. Niliidharau lugha ile kiasi kwamba sikuweza kuwaza kuna mtu duniani angeichukulia kwa uzito. Kwangu ilikuwa karatasi ya mzaha. Nikaikunja, nikaisokotea ndani ya kamba moja ya tumbaku, nikaiweka katikati ya kikapu, nikamwambia mama ampe mchuuzi fulani wa kwenda Arua, ni salamu tu. Mimi, mtoto wa askari, nilificha barua ndani ya kitu cha kwanza ambacho askari yeyote anakichukua bila kuomba.

Mama aliondoka Jumanne, siku ya soko. Jumatano alasiri akaja mwanamke mwenzake wa tumbaku, bila kikapu, viatu mkononi.

"Mama yako wameshika," alisema. "Askari alichukua tumbaku ya kuvuta, akakata, akaona barua ndani. Hakuna mutu anajua kusoma. Wanasema iko maneno ya siri ya watu wa porini."

Akanieleza yote. Mama alikuwa amefungiwa katika ghala la zamani la pamba karibu na kizuizi, nje kidogo ya Koboko. Ofisa wa hapo hakumpiga, lakini kila Ijumaa lori lilikuwa linakuja kuchukua waliokamatwa kuwapeleka Arua, na asiyejieleza kabla ya lori alipanda lori. Kilichotokea baada ya Arua yule mwanamke hakukijua, wala hakuna aliyekuwa amerudi kutusimulia. Tulikuwa na siku moja na nusu.

Nilimwendea mume wangu. Alikuwa amesikia yote kutoka jikoni, uso umemwiva.

"Nenda ukawasomee barua yako," nilimwambia.

Akaanza. Kwanza, yeye alikuwa karani wa kambini, wakimtambua hawatamwachia. Hilo lilikuwa kweli. Pili, alikuwa na homa. Hilo lilikuwa nusu kweli. Tatu, na hapa alisimama wima kabisa, hawezi kwenda kusimama mbele ya mama mkwe wake akiwa amefungwa, ni aibu kwake na ni aibu zaidi kwa mama.

Niliyomwambia siwezi kuyaandika yote. Nilimwambia kwamba heshima yake inakaa pale pale woga wake unapokaa. Nilimwambia kwamba miaka minane amenipigia kelele za kuja, kuja, kuja, na siku anayotakiwa aje ana homa. Nilimwambia mama yangu akipanda lori lile nitauangusha uzio wake nitaupikia ugali. Nilitaka kuchukua kijitabu cha kijani kama ushahidi, naye akakishika kwa mikono miwili akasema, "Ni kimoja tu." Nilikivuta. Kurasa mbili zilibaki mkononi mwake.

Alhamisi alfajiri nilimwacha binti kwa jirani, nikafika Koboko kabla jua halijawa kali. Ofisa alikuwa na meza chini ya upenu wa ghala. Alikuwa mtu wa mbali, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi, na nilivyomwona akipanga kalamu zake sambamba nikajua kabla ya kuvaa magwanda alikuwa ameshika chaki.

"Hii iko lugha gani?" aliniuliza, barua mbele yake.

Nikamweleza. Mzungu mzee, mashine za kuchapa, dunia nzima kuelewana. Nilivyokuwa nasema nilijisikia mwongo. Alifungua kijitabu, akakipekua polepole.

"Kitabu kinaweza kuwa kitabu ya siri," alisema. "Yule karani wa Arua, jina yake iko hapa juu. Tuliuliza yeye kwa redio jana. Anasema hajui hii lugha, hajaona hata siku moja."

Yule mwenye nakala! Aliyekula kwangu, akaimba *venas, venis* na mume wangu mpaka chai ikapoa! Sijawahi kumwona tena, na siku nitakayomwona asinisalimie.

"Wewe unajua?" ofisa aliniuliza. "Soma. Hapa inasema nini?"

Niliitazama. Niliona *domo*, niliona *venar*, na kichwani mwangu hapakuwa na kitu, kwa kuwa nilikuwa nimejilinda miaka minane kisiingie kitu. Neno *venar* nililijua, lakini lile la mbele yake sikulijua, na sikuthubutu kubahatisha, maana kosa moja lingekuwa la mama. Nilisema nimesahau.

Hakukasirika, jambo ambalo lilinitisha zaidi. "Mama," alisema, "lugha iko ya watu wawili. Mutu mumoja akisema anajua, hiyo si lugha. Leta mutu wa pili. Na wa kwanza pia, kwa sababu wewe hujui kitu."

Sikurudi nyumbani kumbembeleza mtu aliyeshakataa; nililala kwa ndugu wa mama, kama ile ni kulala. Ijumaa asubuhi nilikuwa tena mbele ya ghala, nikiwa sina mtu. Mama aliletwa nje kunawa uso, akaketi mlangoni. Alikuwa ameshiba vumbi la pamba, na alinitazama kwa namna ya kuniuliza nani anamchambulia majani yake. Ndipo nikasikia baiskeli.

Alikuja. Amevaa suruali ya pasi na tai nyeusi, na kwenye keria ya baiskeli ya kuazima amefunga ubao. Ubao! Mtu anakuja kukamatwa, anabeba ubao wake na kipande cha muhogo mfukoni. Nilitaka kumpiga, na nilitaka kukaa chini nilie, na vyote viwili viliniudhi.

Akafika hatua thelathini kutoka mlangoni, akamwona mama, akageuka papo hapo akatupa mgongo. Mama naye alijifunika kitenge uso mzima. Askari wawili walishika bunduki zao.

"Kwa nini huyu anaficha uso?" ofisa alisema. "Anaogopa nini?"

"Afande, yule ni mama mkwe wake," nilisema.

Ofisa alimtazama yule mwanamume aliyesimama anaangalia barabara tupu, akamtazama mwanamke aliye chini ya kitenge, na kwa mara ya kwanza nikamwona anakaribia kucheka. Kwao pia ilikuwa vivyo hivyo, alisema, naye ana mkwe, hajui hata sura yake. Akaamuru mama arudishwe ndani ya ghala na mlango ufungwe. Kisha akamwita mume wangu mezani.

"Wewe ndiye mwalimu?"

Mume wangu akarekebisha tai. Toka tuvuke mpaka hakuna mtu mwenye cheo aliyemwita mwalimu. "Ndiyo, afande," alisema, na akaisoma barua yote, neno kwa neno, kwa Kiswahili.

"Sawa. Na mutu wa pili ni nani? Mke yako hajui."

Alinigeukia. Hakunilaumu kwa macho, na ningependa angenilaumu. "Hakuna, afande," alisema. "Wanafunzi wangu waliacha."

Ndipo sauti ikatoka ndani ya ghala, kupitia mabati.

"Mimi najua."

Mama akarudia, kwa ukali kidogo, kama mtu aliyecheleweshewa chakula. "Nasema mimi najua. Miaka mbili nasikia ile kelele. Uliza."

Ofisa alikuwa mwalimu kweli. Hakuuliza mara moja. Alimsogeza mume wangu mpaka ukutani, akaandika kwenye karatasi kwa Kiswahili bila kusema, akamwonyesha. Mume wangu alisafisha koo. Hakuwa amewahi kusema neno moja kwa mwanamke yule tangu aliponioa.

"La matro venos morge!"

"Mama atakuja kesho," mabati yakajibu.

Ofisa akaandika tena.

"Li venis hiere!"

"Walikuja jana."

"Me ne venus!"

Mama aliirudia mwenyewe mara mbili, chini chini. "Mimi nisingekuja," mama alisema mwishoni. "Hiyo iko ngumu kidogo."

Aliulizwa maneno kumi au zaidi. Alikosea moja, la meza, akasema hilo halikufundishwa, na mume wangu akathibitisha kwamba halikufundishwa. Ofisa aliweka kalamu chini. Na kabla hajasema lolote, mama, ambaye hakuwa ameulizwa, akasema kutoka ndani, polepole, kama anayekanyaga mawe ya mtoni:

"Ka vu venis por me?"

Mume wangu aliweka mkono kwenye bati. "Yes," alisema. "Me venis por vu."

Ofisa alinitazama nimweleze. Sikujua. Mwenye nyumba mimi, mke mimi, mtoto mimi, na sikujua wanaambiana nini. Mume wangu ndiye aliyetafsiri, akiangalia chini: "Mama ameuliza kama nimekuja kwa ajili yake, nami nimesema ndiyo."

"Hii iko lugha," ofisa alisema. Akaandika karatasi ya kumwachia mama, akaigonga muhuri. Nilikuwa nimeshaanza kushukuru. Kisha, kwa sauti ya mtu anayependezwa tu, aliuliza, "Mwalimu, wewe ulijifunza wapi hii?"

Angeweza kusema misheni. Angeweza kusema Zaire, au kwa mjomba wake, au kwenye ndoto. Lakini alikuwa ameitwa mwalimu, na mjinga yule hakujua kumdanganya mtu aliyemwita mwalimu.

"Arua, afande. Kambini. Nilikuwa karani wa stoo."

Uso wa ofisa ulibadilika, na naamini ilimwuma. Aliondoa miwani, akaifuta, akaivaa. Alisema kuna amri kuhusu watu wote waliofanya kazi katika kambi ile, si amri yake, wanakwenda Arua kujieleza, ni maswali tu. Lori lilikuwa limeshafika kwenye kizuizi, injini inanguruma.

Mama alitolewa kwa mlango wa nyuma, kwa heshima, ili wasikutane. Tulisimama kando ya barabara, yeye amefunika uso, mimi nimeshika baiskeli ya watu na ubao. Mume wangu alipanda lori akakaa kwenye ubavu wa nyuma. Hakuweza kututazama, kwa kuwa mama alikuwa pale. Alitupa kisogo, na lori lilipoondoka akapiga kelele maneno mawili juu ya injini.

"Amesema nini?" nilimwuliza mama.

Alijibu, kitenge bado usoni.

"Anasema atakuja."

Hajaja. Nilikwenda Arua mara mbili mwaka ule na mara nyingi baadaye, nikaambiwa alipelekwa mbele, nikaambiwa jina lake halipo, nikaambiwa nirudi wiki ijayo. Kijitabu kilibaki kwenye meza ya ofisa. Watu waliporudi nasi tukarudi, na tangu miaka ya tisini ilipoanza tunakaa Dranya, kwenye shamba la mama, mahali penye nafasi ya kutosha kwa mtu kuishi bila kumwona mtu. Ido ninayoijua amenifundisha mama, akisokota tumbaku, na nimeiandika hapa kama nilivyoisikia kwake. Ni mwalimu mkali. Anasema natamka vibaya.

Jambo la kwanza alilotaka tulipojenga halikuwa jiko wala choo. Alitaka uzio wa matete kati ya nyumba yangu na yake. Nilimwuliza uzio wa nini, wa kumficha nani, sisi ni wanawake wawili na msichana. Akanitazama kwa dharau, na sasa najua dharau yangu niliirithi wapi.

"Akikuja," alisema, "mimi nitakaa wapi?"

Kwa hiyo kila kiangazi, mchwa wakishakula sehemu ya chini, nashuka mtoni na panga. Nakata huku natukana. Namtukana yule mzungu, namtukana yule mwenye nakala, namtukana karani aliyeshindwa kusema uongo mmoja mdogo. Kisha nayabeba matete nyumbani, nayafunga kwa magome ya mti, marefu kuliko mtu, kama alivyoyafunga yeye.